Mapishi ya Nyanya Tuyaweke Wapi?



Ndugu zangu, mapishi ya marehemu nyanya, thalathini na kitu, niliyaandika yote kwenye programu ya simu. Simu ikafa. Nikanunua nyingine, kumbe ile programu nayo haipo tena! Ramadhani ikaingia, mama akataka kipimo cha mkate wa sinia, sina.

Basi ukichagua programu, usitazame picha kwanza. Uliza: je, mapishi yangu naweza kuyatoa nje yakawa faili la kawaida? Meal-Master ni programu ya zama za DOS, lakini mapishi yake yasomeka hadi leo, kwa kuwa yaliwekwa kwa maandishi matupu. Kwetu sisi jedwali la Excel latosha: chakula, vipimo, njia, na aliyekufundisha. Nakala moja weka kwenye flashi, nyingine ichapishe, mama aibandike jikoni.

Ila nyanya hapimi kwa gramu, hupima kwa jicho. "Tui liwe zito," akwambia, zito namna gani? Kaa naye akipika, kila anachotia kipitie kwenye kikombe chako kwanza. Atakugombeza, vumilia. Wa kwangu sina wa kumuuliza tena. Mama amekumbuka saba tu.