Sonona ni Maradhi, si Upungufu wa Imani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani,

Akikosekana kijana aliyezoea safu ya kwanza ya sala ya Alfajiri, sisi husema: imani imemtoka. Huenda yu kitandani, hakupata usingizi usiku kucha, hana nguvu hata ya kutia udhu. Maneno yetu yakimfikia humzidishia kujilaumu, na kujilaumu ni sehemu ya maradhi yenyewe.

Maradhi hayo ni sonona. Si huzuni ya siku mbili. Ni huzuni, au kukosa hamu ya kila jambo, inayodumu karibu siku nzima kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kuharibika usingizi na ulaji, uchovu, kujiona hufai, hata kutamani kifo.

Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, kama tusomavyo katika Suratu Yusuf. Nani atathubutu kusema hakuwa na imani? Naye mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyojulikana sababu, ambayo aliona asili yake imo mwilini na yahitaji tiba ya mwili.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Basi dua isiachwe, wala hospitali isiachwe. Huko mgonjwa hupewa ushauri nasaha, na ikibidi vidonge. Vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na huendelezwa kwa miezi hata baada ya kupona. Asiviache bila ya shauri la daktari. Ramadhani ikiingia, amwulize daktari juu ya saa za dawa, na akumbuke kwamba mgonjwa ameruhusiwa kufungua.

Nasi tumtembelee, tumsikilize bila kumhukumu, tumsindikize hospitali. Tukihofia kwamba atajidhuru, tumwulize waziwazi; kuuliza hakumtii wazo hilo. Tusimwache peke yake, tumwondolee sumu na vyombo vya hatari, tumfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, na mwenye sonona naye ni mgonjwa. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.