LAPTOPU BILA MPANGO NI DANGANYA TOTO!

Vijana wenzangu,

Mnakumbuka kampeni za Kenya za mwaka 2013? Muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza laptopu yake. Makofi yakapigwa. Mwaka 2014 zabuni ikafutwa. Vifaa vilianza kufika mwaka 2016, tena si laptopu bali vishikwambi, na hatimaye vikapita milioni moja.

Shule nyingi zilifikishiwa umeme kwa ajili ya mradi huo. Hilo ni jema, tusiwe wachoyo wa kusema.

Lakini mpango wa kweli huanza na somo. Mwalimu wa hesabu aseme: watoto wangu wanashindwa na sehemu, nipeni chombo cha kuwaonyesha. Hapo ndipo mnunue. Halafu apewe majuma ya kujizoeza, si semina ya chai na mandazi. Halafu betri. Betri huchoka! Fungu la kununua nyingine liko wapi? Wakubwa hupenda kununua kwa sababu kununua kuna utepe wa kukata. Kumfunza mwalimu hakuna.

Na nyinyi mnaofufua simu za watu vibandani kila siku, kwa nini kishikwambi cha shule kife kabatini na nyinyi mko hatua mia kutoka getini?

Basi akija mgombea na ahadi ya vifaa, mwulizeni: somo lipi, mwalimu yupi, fundi nani, fungu kiasi gani? Akianza kukohoa, msimpigie makofi. Rudieni swali.