Mtoto Asiyeitika
Somo la radio juu ya Amri ya Nne: deni la wazazi kwa watoto

Wasikilizaji wapenzi, ninyi mlioko Butembo na Beni, na ninyi wa vijiji vya milimani na vya msituni, katika somo lililopita tuliona heshima ambayo Amri ya Nne yawadai watoto kwa wazazi wao. Lakini amri hiyo ina upande wa pili: yawadai wazazi pia. Leo twataka kunena juu ya deni la baba na mama kwa mtoto ambaye, wageni wanapofika, hufichwa chumba cha nyuma.

Mtoto huyo mwamfahamu. Ana miaka mitatu au minne. Aitwapo jina lake haitiki, ingawa mlio wa pikipiki ya mbali husikia kabla ya wote. Hamtazami mama yake machoni. Hanyoshi kidole kuonyesha kitu apendacho; hushika mkono wa mtu na kuupeleka pale. Hupanga mbegu za maharagwe mstari mmoja asubuhi nzima, na mtu akizichanganya, hulia kana kwamba amepigwa. Ngoma zikilia huziba masikio. Pengine hasemi neno lolote. Pengine husema sana, lakini hurudia tu maneno ya wengine.

Madaktari huiita hali hii usonji. Wenye usonji si sawa wote: mmoja hujua kusoma upesi kuliko ndugu zake, mwingine hata ukubwani ahitaji mtu wa kumvika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu mmoja katika kila watu 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Basi watoto hawa hawawi wageni katika parokia zetu.

Sababu yake ni nini? Wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Yesu aliyakataa yote mawili. Hata hivyo swali lile lingali likiulizwa katika nyumba zetu. Wengine husema mama alivunja mwiko. Wengine, baba hakumaliza mahari. Wengine, jirani mwenye kijicho amemroga. Wengine, ni chanjo iliyomharibu.

Hata wenye elimu walipotea njia. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, kwa habari za watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu kadhaa waliwalaumu akina mama, ati hawakuwapenda watoto wao. Mwaka 1977 uchunguzi wa mapacha uliofanyika Uingereza ulisaidia kuonyesha kosa lao: hali hii kwa sehemu kubwa ni ya urithi wa damu, na ubongo wa mtoto huanza kukua kwa njia yake tangu tumboni. Basi si adhabu, si uchawi, si chanjo, wala si ubaya wa mama.

Hapa twasema kwa nguvu. Kumwita mtoto mchawi ni kumshuhudia uongo, na Amri ya Nane yakataza. Kumfunga kamba au kumnyima chakula katika vyumba vya maombi, ati pepo atoke, ni kuvunja Amri ya Tano. Katika Kanisa hakuna awezaye kumpunga mtu pepo pasipo ruhusa wazi ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padri tu. Serikali nayo yakataza: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, zote mbili zapinga kumshitaki mtoto kwa uchawi.

Basi, wazazi wafanye nini?

Kwanza, wampeleke hospitali. Masikio yake yapimwe, maana kiziwi naye haitiki. Akiwa na kifafa, kama wengine wa namna yake walivyo nacho, apewe dawa za kifafa. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Mwenye kuiuza awadanganya. Mafundisho ndiyo yanayomsaidia, nayo heri yaanze mapema.

Pili, wajifunze lugha yake. Tazameni jinsi Bwana wetu alivyomtendea kiziwi aliyesema kwa shida: alimtoa katika umati, akamtenga kando, akamgusa masikio na ulimi. Hakumpigia kelele. Nanyi mwiteni mtoto mahali penye utulivu. Semeni maneno machache. Mwonyesheni kitu chenyewe. Kikombe maana yake ni kunywa, jembe maana yake ni shamba. Siku zake ziwe na utaratibu mmoja, na jambo likitaka kubadilika, mwarifuni mapema. Kazi igawanyeni vipande: siku hizi kushika dumu la maji, akizoea kulijaza, akizoea tena kulibeba. Fimbo haimfundishi neno asilolielewa. Yamfundisha hofu tu.

Tatu, mlindeni. Wengi wao hupenda maji, nao huondoka nyumbani kimya. Tena tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vya Beni vimeonja mauaji na kukimbia usiku. Mtoto huyu akisikia bunduki aweza kujificha, wala hataitika akiitwa. Kwa hiyo mtu mmoja wa nyumbani achaguliwe mapema awe ndiye wa kumshika mkono, na ndani ya nguo yake lishonwe jina lake na la kijiji chake.

Nne, mama asiachwe peke yake. Wako waume wanaooa mke mwingine wakisema ukoo wa mke umeleta mtoto mbaya. Enyi akina baba, mbele ya altare hamkuahidi kukaa na mke wakati wa raha tu. Taabu imekuja, nayo ahadi ingali palepale.

Na Kanisa je? Kuna wazazi wanaobaki nyumbani siku ya Dominika kwa sababu mtoto akipiga kelele, watu wote hugeuka. Aibu hiyo si yao, ni yetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, yamwagiza paroko aangalie kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wapate katekesi kwa kadiri ya hali yao. Tarehe 22 Novemba 2014 Papa Fransisko aliwapokea Vatikano watu wenye usonji pamoja na jamaa zao, akataka upweke wao uvunjwe.

Katekista na aanze na ishara ya msalaba, akimwongoza mtoto mkono. Asiyependa kuguswa aonyeshwe kwa macho, hata mara mia, pasipo haraka. Apelekwe kanisani siku isiyo na watu, aione altare na kuzoea benchi. Siku ya Misa akae karibu na mlango, mbali na ngoma. Kwa habari ya Komunyo ya kwanza, wazazi wazungumze na padri. Asiyeweza kujibu kwa mdomo pengine aonyesha kwa heshima yake kwamba Mkate huu si chakula cha kila siku.

Hatuwaahidi kwamba mtoto atabadilika awe kama wengine. Kuna watakaosema, na kuna wasiotasema kamwe. Lakini alipobatizwa aliitwa kwa jina mbele ya Mungu, na jina hilo halifutwi kwa kuwa mwenyewe haitiki.

MASWALI

Mtoto mwenye usonji ni adhabu ya dhambi za wazazi?
Sivyo. Yesu alikataa neno hilo mbele ya kipofu.

Yafaa kumpeleka kwa mpunga pepo?
Haifai. Yafaa kumpeleka hospitali, na kumfundisha kwa saburi.

Aweza kubatizwa na kufundishwa dini?
Ndiyo, kwa kadiri ya hali yake, naye paroko ana wajibu wa kuliangalia jambo hilo.

AZIMIO LA JUMA

Kila shirika la kijiji litafute nyumba moja yenye mtoto wa namna hii. Watu wawili wasiowageni kwake wakae naye nusu siku, mama yake apate kwenda sokoni, au kulala.

Tumsifu Yesu Kristu!