Mgongo wa Mbebaji

Kuanzia vilima vya Muheto hadi misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, mahali gari lisipofika mzigo hupanda mgongoni. Miaka ya 2000, kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilitolewa hivyo: gunia la kilo 50, kamba kwenye paji la uso, siku mbili msituni mpaka kijiji cha Njingala.

Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kwa hiyo kwenye karatasi gunia lile limo ndani ya kikomo! Ila tope halikuulizwa.

Kinachoharibika ni nini? Shingo inayovutwa na kamba, na zile gegedu laini kati ya pingili za uti wa mgongo. Ikitokeza moja na kugandamiza mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mguuni. Goti huumia zaidi wakati wa kuteremka, na vijana hawaamini hilo.

Wengi hukimbilia kukandwa. Misuli iliyochoka itapata nafuu, sawa. Lakini ukifa ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo ukakataa kutoka, achana na mkandaji: hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.