Jirani si njo anakata mushahara yako

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi, tarehe 9 Desemba



Siku kama leo, mwaka 1941, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière hapa hapa kwetu, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Vita vya Ulaya vilihitaji shaba. Kazi iliongezeka, bei za sokoni zikapanda, mushahara ukabaki palepale. Wafanyakazi waligoma, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Maron alifika mwenyewe kuwaambia warudi kazini, wakakataa. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa. Makumi ya wengine walikufa naye.

Kampuni ilikuwa imewaleta wafanyakazi toka kila upande: Kasai, Lomami, Rwanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na watu wa Katanga. Kambi moja, posho moja. Na waligoma pamoja.

Sasa tuseme na ile tunaogopa kusema. Mwaka 1992 na 1993, kwenye jimbo hili hili, watu wa asili ya Kasai waliitwa "bilulu", wadudu. Wanasiasa waliwasha moto, vijana wa umri wetu wakatumwa kufukuza. Mamia ya maelfu walitolewa Likasi, Kolwezi na kwingine. Familia zililala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni, na wengi walikufa njiani. Kulikuwa wengi waliozaliwa hapa, hawakujua hata Kasai iko namna gani.

Walipoondoka, waliobaki walishiba? Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Kufukuzana haikukuwa sababu pekee: mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na feza za kampuni zilikuwa zinaliwa. Lakini tuliambiwa kazi zitakuwa zetu. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja na kuambiwa waende nyumbani, na kampuni ilikuwa na deni lao la miezi mingi. Kabila haikuwalipa.

Leo wenzetu wengine wanatuomba tusaini barua ya kudai ajira kwa "wana wa hapa" tu. Hasira yao tunaielewa, hata sisi tuko nayo. Tuko na diploma, tunapeleka dosie, jibu hakuna. Halafu unaona mutu ametoka mbali, siku ya tatu amevaa kofia ya mgodi. Inauma.

Lakini nani alimwandika? Kijana wa Kasai anayeendesha pikipiki hakutunga kontra yako. Ile kampuni ya kati inayokuchukua kwa miezi mitatu mitatu, inabakiza sehemu ya feza yako na kukufukuza ukitaja sindika, iyo njo inapaswa kujibu. Na inafurahi tukigombana. Mwenye njaa wa Kasai akishindana na mwenye njaa wa Katanga, bei ya kazi inashuka kwa wote wawili.

Kwa hiyo barua ile hatutaisaini. Tunadai hivi:

Kwanza, kila nafasi ya kazi ibandikwe hadharani, na masharti yake, ili kijana anayekaa karibu na mgodi aone na kuomba sawa na wengine.

Pili, kontra ya maandishi, na mushahara sawa kwa kazi sawa, hata kama umeajiriwa na kampuni ya kati.

Tatu, sheria ya madini ya 2018 inagawia mji au sekta yenye mgodi 15% ya malipo ambayo serikali inapata juu ya madini yaliyouzwa. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hesabu hizo zisomwe mbele ya raia. Haki ya wenyeji iko pale, haiko kwenye kufukuza mutu.

Jumamosi tunapita Kenya, Katuba na Ruashi kuandika majina ya wote wanaofanya kazi bila kontra. Karatasi yetu iko na nafasi ya jina, kazi, mushahara na miezi ambayo hujalipwa. Mstari wa kabila haupo.

Mukuje na kalamu.