Injini Iliyokwisha Kutumika: Tukague Mfumo wa Kupoza Kabla ya Kulipa

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kutoka kata jirani za Handeni na Korogwe)



Mimi si fundi. Kazi yangu ni habari. Lakini nimekulia karibu na mashine ya kusaga. Mama yangu alikuwa mmoja wa akina mama waliochangishana fedha wakanunua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika. Muuzaji alikuwa ameondoa rejeta yake na kuweka pipa la maji, naye akawaambia kuwa hilo ni boresho. Mwezi wa nne injini ilichemsha, kichwa cha silinda kikapasuka. Mashine ikalala chini ya mwarobaini, kikundi kikavunjika, na akina mama wakarudi kubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Deni halikuvunjika, waliendelea kulilipa.

Ndiyo sababu nimeomba kuzungumza leo. Mikopo mnayoiomba inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, lakini ni lazima irejeshwe ili kikundi kingine nacho kipate. Injini ikifa, kikundi hubaki kikirejesha fedha za chuma kisichofanya kazi.

Tuanze na msingi. Injini ya dizeli inapochoma mafuta, robo hadi theluthi ya joto lote huingia katika chuma chake, na ni lazima liondolewe kwa maji au kwa upepo. Kule Pangani, mto huu wetu unapoingia baharini, mwenye boti la injini ya kupachika hutazama mchirizi mwembamba wa maji unaoruka kutoka kwenye injini. Injini ile hunyonya maji ya nje kwa gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, huyapitisha ndani ya chuma, kisha huyatema. Mchirizi ukikatika, nahodha makini huizima papo hapo. Injini zetu za kusaga na za kumwagilia hazina mchirizi huo. Inatupasa kujua dalili nyingine, hasa pale mfumo wa kupoza ulipobadilishwa na mtu tusiyemjua.

Yako mabadiliko manne ambayo mnunuzi hukutana nayo mara kwa mara.

La kwanza ni pipa badala ya rejeta. Pipa si kosa. Injini nyingi za zamani zilitengenezwa zipozwe hivyo. Maji ya moto ni mepesi, hupanda kwa bomba la juu. Yakipoa hushuka na kurudi kwa bomba la chini, bila pampu. Lakini mzunguko huo una masharti. Pipa lisikae chini kuliko injini. Mabomba yawe mapana, na bomba la juu lipande moja kwa moja bila kujipinda na kunasa hewa. Tena maji ndani ya pipa yafunike mdomo wa bomba la juu wakati wote. Yakishuka chini ya mdomo huo, mzunguko husimama kabisa, ijapokuwa pipa linaonekana limejaa nusu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kama injini iliundwa kwa pampu ya maji na rejeta, njia zake za maji ni nyembamba, na pipa peke yake huenda lisitoshe.

La pili ni kuondoa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Fundi asiye na subira hukitoa, akidhani ameongeza ubaridi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno haichomi dizeli vizuri, huchafua oili na kulika mapema. Tena zipo injini ambazo kilango hicho hufunga pia njia ya mkato. Ukikitoa, maji hupita mkato huo bila kufika kwenye rejeta, na injini huchemsha zaidi kuliko awali.

La tatu ni mfuniko wa rejeta usio wake, au tundu lililozibwa kwa kitambaa. Mfuniko sahihi hutunza shinikizo. Maji yenye shinikizo la ziada la angahewa moja hivi huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko ukilegea, maji hutoka mapema. Ukizibwa kabisa, mipira hupasuka.

La nne huonekana zaidi mashambani: mpira unaotoka kwenye pampu ya umwagiliaji na kuingizwa moja kwa moja kwenye injini. Wakati wa masika Mto Pangani na Mkomazi hubeba tope, nalo hutuama ndani ya injini mahali usipoweza kulifikia kwa mkono. Kwa upande wa Handeni, visima vingi vina maji ya chumvi. Yakipata moto huacha gamba gumu kama lile la ndani ya birika, na joto hushindwa kupita. Njia iliyo bora ni kuacha maji safi yazunguke ndani ya injini na pipa, kisha maji ya mto yapite katika bomba la shaba lililozungushwa ndani ya pipa hilo. Maji ya mto yatapoza maji ya pipa bila kuingia katika injini. Kwa kujazia, tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, na kwenye rejeta ongezeni kulanti kwa kipimo cha fundi.

Niseme pia kuhusu zile injini ndogo za silinda moja zenye tangi la maji juu yake. Hizo zimeundwa ili maji yachemke na kutoa mvuke. Mvuke wake si ugonjwa. Kazi yenu ni kutazama boya na kuongeza maji kabla halijazama. Ziko zilizoharibiwa na watu waliotaka kuzitibu ilhali zilikuwa nzima.

Sasa, siku ya ununuzi. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema. Omba urudi ikiwa imepoa. Fungua mfuniko wa maji ingali baridi, kisha iwashwe: mapovu yasiyokoma yanaashiria kuwa gasketi ya kichwa imeungua au kichwa kimepasuka. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kisha ifungwe kwenye kinu na isage kwa saa moja kamili, kwa kuwa injini isiyo na mzigo huficha maradhi yake. Mwisho, muulize muuzaji ni kitu gani kilibadilishwa na kwa sababu gani. Boresho lisilo na sababu mara nyingi ni maradhi yaliyofunikwa.

Na ikichemsha mikononi mwenu? Ondoeni mzigo, kisha zimeni injini. Msifungue mfuniko wa moto, kwani mvuke huo huunguza uso. Msimwage maji baridi juu ya chuma cha moto, kwani kitapasuka. Subirini ipoe, kisha kagueni kwa utaratibu: kiasi cha maji, mkanda wa feni, upande feni inakopuliza, mipira iliyobonyea, na ndipo pampu na themostati. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kukiandika katika daftari la kikundi. Mkibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hamtajua kipi kilichoponya, wala kipi kilichoharibu.

Ndugu wanavikundi, ombi langu ni moja. Kabla ya kulipa, mpelekeeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yenu maelezo ya injini mnayoikusudia, na mwende kuikagua pamoja na fundi msiyepewa na muuzaji. Ofisi ya SIDO mkoani Tanga nayo ipo kwa ajili ya ushauri wa mashine za wajasiriamali wadogo. Ujira wa fundi kwa siku moja ni mdogo kuliko rejesho la mwezi mmoja. Akina mama wale wa kijijini kwetu hawakukosa bidii. Walikosa mtu wa kuwaambia watazame ndani ya pipa.