Usimtupie Mbwa Ini Lenye Malengelenge



Leo tuzungumze juu ya mnyama ambaye hatumhesabu tunapohesabu mifugo, lakini yuko karibu katika kila boma: mbwa. Fisi akija usiku, yeye ndiye wa kwanza kubweka. Asubuhi huwafuata mbuzi malishoni, na jioni watoto hucheza naye. Sikuja kuwaambia mumfukuze. Nimekuja kuwaeleza juu ya mnyoo anayeishi katika utumbo wake.

Mnyoo huyo ni tegu wa mbwa. Ni mdogo, kwa kawaida hafiki hata sentimita 1. Mbwa anaweza kuwa na maelfu ya tegu hawa na bado akala, akakimbia na kubweka kama kawaida. Kwa hiyo msiseme, "Mbwa wangu ni mzima." Kwa macho huwezi kujua.

Lakini alama moja mmekwisha kuiona. Ukichinja kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia, mara nyingine unakuta ini au mapafu yana malengelenge meupe yaliyojaa maji. Wengi wetu hukata sehemu hiyo na kumtupia mbwa anayengoja pembeni. Hapo ndipo tunapokosea. Ndani ya malengelenge hayo mna tegu wachanga. Mbwa akiwala, hukua tumboni mwake, na baada ya wiki 6 au 7 huanza kutoa mayai.

Mayai hutoka na kinyesi, yakasambaa kwenye majani, maji, udongo na manyoya ya mbwa. Mbuzi akiyala pamoja na majani, naye hupata malengelenge. Siku akichinjwa, mbwa anatupiwa tena.

Mtu naye huyapata mayai hayo. Mtoto humshika mbwa, kisha hula bila kunawa. Mbwa hulamba chombo cha maziwa, au huingia katika maji tunayokunywa. Basi lengelenge huanza kukua ndani ya mtu, hasa katika ini au mapafu. Hukua polepole, miaka mingi, bila maumivu. Mtoto aliyemeza mayai leo anaweza kuugua akiwa mtu mzima, tumbo limevimba au kifua kinambana. Likipasuka ndani ya mwili linaweza kuua. Kwa hiyo mwenye uvimbe wa namna hii asichomwe wala kukandwa nyumbani. Apelekwe hospitali. Tiba ni vidonge au upasuaji, lakini ni ya muda mrefu na ya gharama.

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, imekuwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi zaidi duniani. Umeonekana pia kwa wafugaji wa Kimaasai. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kupambana nao Turkana: mbwa walipewa dawa, wagonjwa wakatafutwa na kufanyiwa upasuaji. Lakini daktari hawezi kuwapo katika kila boma kila siku mnyama anapochinjwa. Ninyi mpo. Fanyeni haya:

Kwanza, ini, mapafu au kiungo chochote chenye malengelenge asipewe mbwa kikiwa kibichi. Kichomeni moto mpaka kiishe, au kizikeni kwenye shimo refu na kulifunika kwa mawe ili mbwa asifukue. Mkitaka kumpa, kichemsheni nusu saa kwanza. Msiyapasue malengelenge. Mbwa afungwe mbali mpaka kazi ya kuchinja iishe.

Pili, wakati wa ukame muwe waangalifu zaidi. Mifugo ikifa kwa wingi, mbwa hula mizoga huko malishoni, hakuna anayewaona. Mzoga ulio karibu na boma uchomwe au uzikwe.

Tatu, mpeni mbwa dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, kama atakavyowaelekeza afisa mifugo. Inafaa apewe kila wiki 6. Ikishindikana, isipungue mara 4 kwa mwaka. Sindano ya ivamektini mnayowachoma mbuzi haiui tegu huyu. Baada ya dawa, mbwa afungwe siku mbili au tatu, na kinyesi chake kichomwe au kizikwe. Kubalianeni kijiji kizima mtoe dawa siku moja, kwa sababu mbwa wa jirani hunya katika malisho yenu pia.

Nne, watoto wanawe kabla ya kula. Najua maji ni ya shida, lakini kata moja na sabuni kidogo vinatosha mikono ya mtoto. Vyombo vya maziwa na chakula viwekwe juu, mbwa asivifikie.

Mtu ataniuliza, "Mbona baba zetu walimlisha mbwa hivyo, na hawakufa?" Wako waliokufa, tumbo limevimba, na hakuna aliyejua sababu. Sisi tumeijua.

Basi mbuzi utakayemchinja safari ijayo, fungua ini lake ulitazame. Ukikuta malengelenge, mbwa atakutazama akingoja. Usimtupie.